Safu ya Baki

Ukurasa una safu tatu. Ya kwanza ni ya namba tasa zinazofuatana kwenda chini: 17, 19, 23, 29, 31. Ya pili ni ya majibu ya kugawanya. Ya tatu, ambayo mwenye kitabu ameichora pana kuliko zote, ni ya baki. Kitabu chenyewe ni kaunta buku la jalada gumu, na mwenyewe ni jirani yetu hapa Iringo, Musoma, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mtaani tunamwita Mwalimu bila kuongeza jina, ingawa katika mkoa huu wa Mara neno hilo peke yake humpeleka mtu moja kwa moja Butiama, kwa Nyerere. Jioni, joto likishapungua na upepo wa ziwa ukianza kupita, hutoa meza ndogo barazani, huchonga penseli kwa wembe, hufungua alipoishia jana na kuendelea kuvunja namba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Vuta kiti. Ila usinisemeshe kwanza, niko kwenye 47."

Basi navuta kiti na kunyamaza. Nimekaa hapo jioni nyingi, na kila nikiondoka natamani watu wajue kwamba kinachofanyika pale ni ufundi kama ufundi wa seremala au wa fundi mitumbwi.

Kuvunja ni neno lake. Darasani tuliita kutafuta vigawo tasa, hatua ya kwanza ya kupata kigawo kikubwa cha shirika (KKS) na kigawe kidogo cha shirika (KDS), na wengi wetu tuliifanya kwa haraka ili tufike kwenye jibu. Namba 12 inavunjika kuwa 2 × 2 × 3. Namba 13 haivunjiki. Haina kigawo isipokuwa 1 na yenyewe, kwa hiyo ni tasa. Jina hilo limenishughulisha tangu darasa la tano. Tumeziita tasa kwa kuwa hazigawiki, kana kwamba hazina uzao, na hali ukoo wote wa namba umetoka kwao: kila namba nzima inayozidi 1 ama ni tasa yenyewe, ama imezaliwa na namba tasa zilizozidishwa pamoja, tena kwa njia moja tu. Ukivunja 12 leo na mwenzako akaivunja kesho akiwa Bunda, mtapata 2, 2 na 3 zile zile. Nilipomwambia Mwalimu kwamba jina limekaa kinyume, aliinua kichwa akafikiri kidogo, akasema mtoto aliyeuliza swali hilo darasani angempa alama bila kusahihisha daftari lake.

Namba ndogo hupenda kuzichukua kwenye miaka, na ndivyo alivyotufundisha sisi tuliopita mikononi mwake. 1922, mwaka aliozaliwa Julius Nyerere, ni 2 × 31 × 31. 1999, mwaka aliofariki, ni tasa. 1961 inaonekana ngumu mpaka uitazame kutoka juu: mraba wa 45 ni 2025, ukiondoa 64 unapata 1961, na 64 ni mraba wa 8. Mraba ukitolewa kwenye mraba hugawika papo hapo, kwa kutoa na kwa kujumlisha: 45 − 8 ni 37, 45 + 8 ni 53, na 37 × 53 ni mwaka wa Uhuru. Njia hiyo ni ya Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa wa karne ya 17. Sisi tuliipata ubaoni, kwa chaki, kutoka kwa mtu ambaye hakututajia Fermat mpaka tulipokuwa tumeshaizoea.

Mwaka anaoupenda zaidi ni 1974, ambao ni 2 × 3 × 7 × 47. Mwezi Novemba wa mwaka huo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Musoma na kutoa Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Watoto wakawa wengi kuliko walimu, na vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kufunzwa ualimu ili madarasa yasikose mtu wa kushika chaki. Yeye alikuwa mmoja wao. Wapo waliowahi kulitamka jina la mwalimu wa UPE, mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, kwa kubeza. Mimi nimeona anavyogawanya, na najua nilichopewa.

Namba kubwa ya kwanza niliyomwona akiivunja kuanzia mwanzo hadi mwisho ilikuwa tarehe ya Muungano, iliyoandikwa kwa kuanza na mwaka: 19640426. Ni namba ya milioni kumi na tisa na ushei. Inaishia na 6, kwa hiyo 2 imo, hilo halihitaji fundi. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 32, kwa hiyo 3 haimo. 5 haimo. Kisha akafanya kitu kilichonifanya nisogeze kiti. Aliikata namba vipande vya tarakimu tatu tatu kutoka kulia: 19, 640, 426. Akaanza na 426, akatoa 640, akajumlisha 19. Alipata 195 kasoro, yaani chini ya sifuri. Akaitazama 195 na kusema, "Kumi na tatu imo. Saba haimo, kumi na moja haimo."

Siri iko kwenye 1001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Elfu moja ni 1001 kasoro moja, kwa hiyo mtu anayetafuta baki ya 1001 anaweza kuhesabu kila elfu kama kutoa moja, na kila milioni kama kujumlisha moja. Namba nzima inakunjika kuwa namba ndogo ya tarakimu tatu, na namba tasa tatu zinapimwa kwa mkunjo mmoja. 195 ni 13 × 15. Kumi na tatu imo. Aligawa kwa 2, akagawa kwa 13, akabaki na 755401.

Kazi ilianzia hapo. Kipeuo cha pili cha 755401 ni 869 na kidogo. Kama namba hiyo ina vigawo, basi kimoja hakiwezi kuzidi 869, maana viwili vikizidi hapo vitazaa namba kubwa mno. Namba tasa zilizo chini ya 869 ni 150. Sita za mwanzo zilikwishapimwa. 13 aliirudia kwa uangalifu, kwa sababu kigawo kinaweza kuwemo mara mbili kama 31 ndani ya 1922. Zikabaki 144. Akachora safu tatu.

Kwa 17 baki ni 6. Kwa 19 ni 18. Kwa 23 ni 12. Kila tarakimu ina kisanduku chake, na kila mstari unahakikiwa kabla ya kwenda mstari wa chini. Namna yake ya kuhakiki ni ya tisa. Tuchukue 23: jibu ni 32843, baki 12. Jumlisha tarakimu za 23 upate 5. Jumlisha za 32843 upate 20, nazo tena upate 2. 5 × 2 ni 10, ambayo ni 1. Ongeza 12, ambayo ni 3, upate 4. Sasa 755401: jumla ni 22, na 2 + 2 ni 4. Nne kwa nne. Anaweka nukta ndogo pembeni, anashuka. Uhakiki huo una tundu moja, kwamba kosa la tisa kamili, au la tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, linaweza kupita bila kuonekana. Kwa hiyo kila ukurasa ukijaa huurudia kwa kuzidisha, kuanzia chini kwenda juu, ili jicho lisisome kwa mazoea.

Alipofika 103 nilidhani tumepata. 103 × 7334 ni 755402. Imezidi kwa moja tu. Mwalimu aliandika baki 102 kwenye safu ya tatu, mwandiko ule ule, ukubwa ule ule. Jioni nyingine, kwenye 193, ikatokea tena: 193 × 3914 ni 755402, ile ile. Jirani wa namba yetu, anayeizidi kwa moja, anavunjika vipande vinne, 2 × 19 × 103 × 193, na yetu imesimama katikati ya vishindo hivyo haijaguswa. Hapo ndipo alipoweka penseli chini na kucheka kwa furaha, peke yake, kama mtu aliyeona samaki akiruka. Kisha akaendelea na 197.

Ilikuwa tasa. Tarehe ya Muungano ni 2 × 13 × 755401, na jibu hilo linaenea kwenye nusu mstari. Ila ushahidi wake ni kurasa kadhaa za baki, zote zisizo sifuri. Hili ndilo lililonifunza kuitazama ile safu ya tatu. Anayepata kigawo anaweza kukuonyesha mara moja: zidisha mwenyewe uone. Anayesema hakuna kigawo hana cha kukuonyesha isipokuwa orodha kamili ya mahali alipotafuta na kukosa, na orodha hiyo haifai kitu ikikosa mstari mmoja. Ndiyo maana safu ya baki ni pana. Mwanafunzi huiona baki kama uchafu wa hesabu, kitu kilichoshindwa kuingia kwenye jibu. Kwa Mwalimu, baki ndiyo kazi.

Nimewahi kumwonyesha, kwenye simu, picha ya mfupa wa Ishango. Mfupa huo uligunduliwa na Jean de Heinzelin wa Ubelgiji, mwaka 1950, pale Mto Semliki unapoanza kutoka Ziwa Edward, mashariki ya Kongo. Umechanjwa chale zilizopangwa kwa makundi katika safu tatu, na watafiti wanaukadiria kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Safu mojawapo ina makundi ya chale 11, 13, 17 na 19: namba zote tasa zilizo kati ya 10 na 20, bila kuruka. Wataalamu wanabishana kama mchanjaji alijua alichoandika, na wapo wanaosoma humo kalenda ya mwezi. Mwalimu hakuingia kwenye ubishi huo. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akahesabu chale moja moja, akasema, "Amezipanga vizuri."

Sasa yuko kwenye namba nyingine, na ndiyo kubwa kuliko zote alizowahi kuzigusa: namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Watanzania wengi tuliisoma vizuri namba hiyo kwa mara ya kwanza tulipokuwa tukisajili laini za simu kwa alama za vidole, mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, tukiisoma kwa wakala tarakimu moja moja tukiogopa kukosea. Ina tarakimu 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, kisha tano, kisha tano, kisha mbili. Tunaitunza kwenye pochi bila kufikiri kwamba ni namba ya ukubwa wa kutisha, karibu bilioni ishirini zilizorudiwa mara bilioni. Kwa namba za ukubwa huo, kama zimetawanyika bila upendeleo, takriban moja katika 44 ni tasa. Darasa moja la Musoma lingeweza kuwa na mtoto mmoja ambaye, akikua na kupewa kitambulisho, atabeba namba isiyovunjika, asijue.

Mwalimu hanionyeshi namba yake, na anafanya vyema. Imeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya jalada, nami naona safu tatu tu. Anajua ukubwa wa alichoanza. Kipeuo cha pili cha namba kama hiyo kinapita bilioni nne, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya milioni 200. Hata angetumia dakika moja kwa kila moja, bila kulala wala kula, ni takriban miaka 400. Aliipiga hesabu hiyo mwenyewe kwenye ukurasa wa kwanza, akaipigia mstari, kisha akafungua ukurasa wa pili na kuanza.

Mjukuu wake alitaka kumsaidia. Simu ya leo inaivunja namba ya tarakimu 20 kabla hujamaliza kupepesa jicho. Mwalimu alimruhusu aulize swali moja tu: ni tasa au si tasa? Na swali hilo lina njia yake, ambayo haitafuti kigawo chochote. Fermat aliigundua mwaka 1640. Chukua 2, izidishe kwa yenyewe mara nyingi kufikia kipeo kilicho pungufu kwa moja kuliko namba yako, kisha ugawe kwa namba yako utazame baki. Namba witiri ikiwa tasa, baki haina budi kuwa 1. Kwa 7: 2 kwa kipeo cha 6 ni 64, gawa kwa 7, baki 1. Kwa 15: 2 kwa kipeo cha 14 ni 16384, gawa kwa 15, baki 4. Basi 15 si tasa, na tumelijua hilo bila kuitaja 3 wala 5. Mjukuu alipata baki isiyo 1. Namba ya babu si tasa. Ina vigawo, na hakuna aliyeviona.

Wapo waliowahi kukaa mahali hapo. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliorodhesha vipeo ambavyo 2 ikiinuliwa kwavyo na kupunguzwa moja hutoa namba tasa, na 67 ilikuwemo. Namba yenyewe ni 147573952589676412927, tarakimu 21, moja tu zaidi ya NIDA. Mwaka 1876 Édouard Lucas alionyesha kwamba Mersenne alikosea na kwamba namba hiyo inavunjika, lakini vipande hakuvipata. Miaka 27 ikapita dunia ikijua kuna mlango na haijui kitasa kiko wapi. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati huko New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya ubao. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Upande mmoja aliipiga 2 kwa kipeo cha 67 akatoa moja. Upande wa pili akaandika 193707721 mara 761838257287, akazidisha kwa mkono mstari kwa mstari mpaka pande mbili zikalingana, akarudi kukaa. Watu wakapiga makofi. Alipoulizwa baadaye ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Cole hakujaribu namba tasa zote. Kati ya 2 na kigawo chake kidogo zimo zaidi ya milioni kumi. Alijua kwamba kigawo cha namba ya aina ile lazima kizidi kwa moja kigawe cha 134, na hakika 193707720 ni 134 × 1445580. Akaongeza masharti mengine ya jinsi hiyo, moja juu ya jingine, na kila sharti likatupa nje sehemu kubwa ya waliokuwa wakishukiwa. Mwalimu akimsimulia Cole husimulia hapo tu. Makofi huyapitia haraka.

Namba ya NIDA haina umbo la namna hiyo la kuegemea, ila ina urefu unaokunjika vizuri, na hapa ndipo nilipomwona akiwa fundi kweli. Tarakimu 20 zinakatika kuwa vipande kumi vya mbili mbili. Ukivitoa na kuvijumlisha kwa zamu unapata baki ya 101. Zinakatika kuwa vipande vitano vya nne nne, na kwa zamu vinakupa baki ya 10001, ambayo ni 73 × 137: namba tasa mbili kwa mkunjo mmoja. Zinakatika kuwa vinne vya tano tano; hivyo unavijumlisha tu, bila zamu, kwa sababu laki moja inazidi 99999 kwa moja, na 99999 ni 9 × 41 × 271. Tatu tatu zinabakiza kipande cha tarakimu mbili, lakini kwa zamu zinatoa 7, 11 na 13, na kwa kujumlisha zinatoa 37. Kwa 271, badala ya kugawanya hatua kumi na saba, anajumlisha namba nne na kugawanya kipande kidogo. Mikunjo hii imeandikwa kwenye jalada la ndani la kaunta buku, kwa wino, ndiyo maandishi pekee ya wino mle ndani. Baadhi aliipata kwenye vitabu. Ule wa 73 na 137 aliugundua mwenyewe, miaka ya themanini, akisahihisha madaftari usiku kwa mwanga wa taa ya chemli.

Kwingine duniani ufundi huu umekuwa jambo la ulinzi. Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walitengeneza kufuli ya kufichia ujumbe, inayotegemea ugumu wa kuvunja namba iliyozaliwa na namba tasa mbili kubwa. Namba ya mfano waliyoitoa, ya tarakimu 129, ilivunjwa 1994 kwa kompyuta za mamia ya watu waliojitolea. Mwaka 2020 ikavunjwa ya tarakimu 250. Kufuli za aina hiyo zinazolinda mawasiliano ya benki leo mara nyingi zina tarakimu 617, na hakuna aliyetangaza kuivunja yoyote. Nilimweleza haya nikidhani atafurahi kuwa karibu na mambo makubwa. Alisikiliza vizuri, akauliza kama wale waliovunja tarakimu 129 walihakiki kwa kuzidisha. Nikasema walihakiki. Akaridhika.

Juzi usiku ulikuwa wa giza, mwezi haujatoka, na wavuvi wa dagaa walikuwa wameingia ziwani. Taa zao zilikuwa zimetandaa mbali. Mwalimu alikuwa amefika 997, namba tasa ya mwisho kabla ya elfu, ya 168 tangu 2. Aligawanya polepole, hatua kwa hatua. Baki haikuwa sifuri. Akaipima kwa tisa, akaweka nukta, akageuza ukurasa uliobaki mweupe, akachora safu tatu kwa rula, na juu kabisa ya ile ya kwanza akaandika 1009 kwa ajili ya kesho.